Chupa Namba Nne na Shati la Mzee Zablon

Mgeni rasmi, Dokta Generosa, Mwenyekiti wa Bodi yetu;
Mkuu wa Maabara;
Wataalamu wenye makoti meupe, na wenzetu ambao makoti yao yaliwahi kuwa meupe;
Majirani wa Makole, ambao leo mmevuka geti hili kwa hiari kwa mara ya kwanza:

Shikamooni mnaostahili shikamoo. Waliobaki, hamjambo. Na kwa wenye uwanda huu, kwa Kigogo chao, mbukwenyi.

UKARIBISHO

Sisi waosha vioo na watayarisha sampuli wa Maabara ya Uwanda tunakukaribisha kwa mikono miwili, na mikono hiyo tumeinawa. Tunalitaja hilo mapema kwa sababu, kama utakavyosikia, si kila mara ilikuwa hivyo.

Umekuja kutufungulia chumba kipya cha kukamulia sampuli. Tumeelekezwa kwamba risala isizidi dakika kumi na tano, na isimtaje mtumishi yeyote kwa jina. La kwanza tutajitahidi. La pili limetushinda kabla hatujaanza, kwa hiyo tunaomba radhi ya pamoja, moja kwa majina yote.

Kwa faida ya majirani, tuseme tunachofanya humu ndani. Hatutengenezi sumu. Tunazitafuta. Yakiletwa maji, udongo au kipande cha mpira, sisi tunakikamua taratibu kwa dawa zake, kama mtu anavyokamua alizeti, na kinachotoka kinapelekwa kwenye mashine ili ijulikane kama kuna mabaki ya zile sumu zinazotumika vitani. Mashine huchora mstari. Pasipo kitu, mstari unalala kama mbuga wakati wa kiangazi. Penye kitu, unainuka. Wataalamu wana jina lao kwa huo mwinuko. Sisi tunauita kichuguu.

Tumelieleza hili kwa miaka mingi na halijaaminika. Mama Anifa, anayetulisha mchana, hajawahi kuruhusu sahani zake zivuke geti. "Mimi nikifa," huwa anasema, "nife kwa ugonjwa unaojulikana." Kwa hiyo hutupokeza chakula nje, tunakula tumeegemea ukuta, tunamrudishia vyombo palepale. Na kwa kuwa sisi ni watu waliolelewa, hatujamrudishia chombo kitupu hata siku moja. Tutatia ndizi, tutatia kipande cha papai, na msimu wa zabibu tutatia kishada. Miaka sita. Majuzi tumegundua kwamba vyote hivyo humpa mbuzi wa jirani yake. Mbuzi ni mzima, amenenepa, na siku hizi akituona hulia.

Jambo hili la chombo kutorudi kitupu, mgeni rasmi, tunaomba uliweke pembeni kidogo. Tutalirudia, na tukilirudia hatutacheka.

HISTORIA FUPI, KAMA ILIVYOREFUSHWA NA MZEE ZABLON

Kitengo chetu kilianza na sinki moja, bomba moja ambalo lilitoa maji siku za Jumanne, na Mzee Zablon wa Mvumi. Sinki limebadilishwa. Bomba limebadilishwa. Mzee Zablon bado yupo. Ni yule pale safu ya nyuma, mwenye koti la kaki, anayejifanya anatafuta miwani ambayo ameivaa.

Sehemu hii ameisimulia mwenyewe, sisi tumeiandika. Tulimwomba apunguze chumvi. Alikubali, akamtoa fisi mmoja.

Mzee Zablon aliajiriwa kufagia stoo. Vioo vya maabara wakati ule vilikuja vimeviringishwa kwa kurasa za kitabu cha zamani cha kemia, na yeye, badala ya kuzitupa, alizikusanya, akazinyoosha kwa pasi ya mkaa, akazisoma. Hivyo ndivyo alivyosoma kemia. Bahati mbaya kurasa za arobaini hadi sitini na moja zilikuja na shehena iliyovunjikia njiani. Mpaka leo anajua kemia inavyoanza na inavyoishia. Ya katikati anamwachia Mungu.

Anadai pia kuwa kabla mashine hazijaletwa, mashine ilikuwa pua yake. Anasimulia kwamba mwaka mmoja wa ukame, akiwa Mvumi shambani, alinusa pipa la dawa lililovuja Chemba. Tulimwonyesha ramani. Ni zaidi ya kilomita mia, na katikati kuna jiji zima la Dodoma. "Upepo ulikuwa mzuri," alijibu. Fisi aliyebaki kwenye hadithi alilinusa pipa hilohilo, akapiga chafya mara tatu, akahama wilaya.

Alistaafu miaka mitano iliyopita. Alipewa barua ya kustaafu mchana, akashukuru kwa hotuba, akalia kidogo, na kesho yake saa moja na nusu asubuhi alikuwa kwenye sinki. Mkuu wa Maabara alimuuliza, "Mzee, si tulikuaga?" Akasema, "Mliniaga vizuri sana, nimekuja kushukuru." Ameshukuru tangu siku hiyo, kwa mkataba wa kibarua unaohuishwa kila baada ya miezi mitatu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu ni haya.

Hatujawahi kumdhuru mtu, ukiondoa mtaalamu mmoja aliyeteleza kwenye povu letu.

Tumeosha vioo zaidi ya tunavyoweza kukumbuka, na vilivyovunjika ni vichache kuliko tulivyoandika.

Na katika miaka yote hii hatujawahi kukuta sumu ya vita kwenye sampuli yoyote ya nchi hii, jambo ambalo tunamshukuru Mungu. Tulikuta mara moja tu, mwaka jana, na ile tuliileta wenyewe.

CHANGAMOTO, AMBAYO NI MOJA

Hapa risala za wenzetu huwa na orodha: uhaba wa sare, usafiri, taa zinazokatika. Na sisi tulikuwa na orodha, ndefu na yenye namba za Kirumi. Tumeichana. Changamoto yetu ni moja na ina jina. Inaitwa Erica.

Wewe unamfahamu kwa saini. Alikuwa mkemia wetu wa sampuli, binti wa watu, mpole, mwenye tabia moja mbaya ya kurudia kazi ambayo imeshakwisha. Ndiye aliyetia saini taarifa ya mwaka jana iliyotuangusha kwenye mtihani, na kwa barua ya ofisi yako alihamishiwa Chemba, ambako mpaka leo hii anapima maji ya majosho ya ng'ombe.

Majirani hawajui mtihani ni nini. Kila mwaka maabara za kazi yetu duniani hutumiwa chupa. Nyingine zina mabaki kidogo kabisa, kama punje ya chumvi kwenye pipa. Mojawapo huwa haina kitu, ni mtego. Unapewa siku kumi na tano. Ukikosa kilichopo, umeanguka. Ukikuta kisichokuwepo, umeanguka vibaya zaidi, kwa sababu maabara inayotangaza sumu ya vita pasipo sumu inaweza kuisingizia nchi nzima ya watu.

Mwaka jana zilikuja sita. Kufikia siku ya kumi na mbili, tano zilikuwa zimeshasema yake. Namba nne ilikuwa kimya. Erica alikuja kwenye sinki kuomba vioo vya kuirudia mara ya mwisho, na Mzee Zablon alikuwa palepale, anapangusa.

"Babu, namba nne naona haina kitu."

"Imetoka wapi?"

"Ulaya huko."

"Imepanda ndege?"

"Imepanda."

"Imepanda ndege, imefungwa pamba, imepigwa mihuri mitatu, imepita forodha, halafu haina kitu?"

"Ndivyo wanavyotega, babu."

"Binti, kwetu Mvumi mtu ukimwazima kibuyu hakirudishi kitupu. Atatia japo karanga tatu. Hawa wenzetu wana viwanda, watakosa karanga tatu?"

Erica alicheka. Sote tulicheka, tena sisi ndio tuliokoleza. Mmoja wetu alisema huenda wazungu wameficha. Mwingine akasema, rudia, mwanangu, usije ukatuaibisha kwa kuandika hamna kwenye kitu cha wageni. Hakuna kati yetu aliyesema, liandike hilo hamna, ndiyo kazi yako. Kwetu sisi kusema hamna kitu ni sawa na kumsema mwenyeji kuwa ana njaa.

Akairudia, kazi ya siku tatu. Na safari hii kichuguu kikasimama.

Hakufurahi. Alikuja tena kwenye sinki, uso umemkauka.

"Babu, hivi vioo una uhakika navyo?"

"Ningeweza kunywea uji."

"Babu, nakuuliza kwa kazi."

"Na mimi nakujibu kwa kazi. Miaka thelathini na nne, binti."

Akaenda akamwangalia shahidi. Shahidi ni kioo cha maji matupu kinachopitishwa hatua zilezile sambamba na sampuli, ili kama uchafu ni wa kwetu, kituumbue. Siku ile shahidi alikuwa safi, mstari umelala chali. Alitaka arudie tena. Vioo vilivyobaki vilikuwa vichafu na siku zilikuwa zimekwisha. Mzee anayemwamini alikuwa ameapa. Erica akatia saini.

Miezi miwili baadaye majibu yalikuja. Chupa namba nne ilikuwa maji.

Kwenye sherehe ya kumuaga Erica, Mzee Zablon alitoa hotuba hadi soda zikapata moto. Tunaomba ieleweke kwamba wakati huo alikuwa hajui. Aliongea kama mtu anayemuaga mjukuu, akamwambia kosa ni la kila mtu, akampa kalamu.

Alijua mwezi wa kwanza. Fundi wetu wa mashine, Jamaldini, alikuwa anajaribu mashine kwa maji safi tu. Kichuguu kikasimama palepale pa mwaka jana. Akachukua kioo kingine, kichuguu. Kingine, kichuguu. Akapangusa kitasa cha mlango wa chumba cha sinki, akakipima, kichuguu. Akapangusa daftari la mahudhurio, mstari kwa mstari, na kichuguu kikatokea kwenye mstari mmoja tu.

"Mzee Zablon," akasema, "hii mashine inakufuata."

"Labda imenizoea."

"Hebu nipe hicho kitambaa unachofutia."

Kitambaa hicho, mgeni rasmi, kilikuwa shati. Mzee Zablon ana ekari moja ya zabibu kule Mvumi, na shati lile ndilo alilovaa miaka mitatu akipigia dawa ya wadudu. Lilipochakaa alilifua, akalichana vipande vinne, akalileta kazini katikati ya siku za ule mtihani, kwa sababu pamba iliyozeeka, anasema, haiachi nyuzi. Ni kweli haiachi nyuzi. Inaacha dawa. Na dawa ile ya zabibu ni ndugu wa mbali wa sumu tunazotafuta. Haijawahi kwenda vitani, lakini sura ya ukoo ipo, na katika haraka ya siku ya mwisho mtu anaweza kuwafananisha.

Utauliza, je, hamkuwa na karatasi maalumu za kufutia? Tulikuwa nazo, boksi kumi na mbili, nyeupe, laini. Mzee Zablon alizifungia kabatini tangu zilipoletwa. Alikuwa anaziweka kwa ajili ya wageni. Kiti ulichokalia kimefutwa kwa karatasi hizo asubuhi ya leo, na ndiyo mara ya kwanza boksi kufunguliwa.

Na shahidi je, mbona alikuwa safi? Jamaldini alilipata hilo baada ya kuchambua makabrasha kwa siku mbili. Kioo cha shahidi siku ile kilikuwa kipya, kimetolewa kwenye boksi palepale. Kilikuwa hakijafahamiana na shati.

Sasa tunafika mahali ambapo hatutaki kufika.

Tulijua mwezi wa kwanza. Leo ni mwezi wa tisa. Katikati hapo tumefanya vikao saba. Kikao cha kwanza kiliazimia kwamba ukweli usemwe. Cha pili kilijadili nani auseme. Cha tatu, auseme lini. Cha nne kilivunjika kwa sababu ya sukari ya chai. Cha tano kilisoma muhtasari wa cha nne. Kila aliyesimama alisema Mzee Zablon ni baba yetu, na kila aliyekaa alimwangalia Jamaldini, na Jamaldini aliangalia sakafu. Sisi ambao kazi yetu ni kutoa uchafu tulikuwa tunaufunika kwa muhtasari.

Mzee Zablon mwenyewe aliacha hata kusimulia. Wiki tatu nzima fisi hakuonekana maabara. Mama Anifa ndiye aliyegundua, pale getini, alipopokea sahani.

"Hii imerudi na chakula changu mwenyewe," akasema. "Nani haumwi humo lakini hali?"

Akamwangalia mzee aliyekaa mwisho wa ukuta. "Mzee Zablon, mimi sijui mnafanya nini humo, na sitaki kujua. Lakini ubwabwa ukirudi, kuna mtu anadaiwa neno."

Jumamosi iliyofuata alijaza kikapu zabibu, akapanda basi la Chemba.

Alimkuta Erica joshoni, yuko katikati ya ng'ombe, buti hadi magotini, chupa mkononi. Sauti ya ng'ombe ilikuwa kubwa hivyo ilimbidi amkaribie kabisa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti. Nimepita tu."

Hakuna mtu anayetoka Mvumi akapita tu Chemba. Erica alilijua hilo, lakini alimkaribisha kivulini, akamtengea kigoda, akampa maji. Mzee Zablon alikuwa amepanga maneno tangu stendi ya Dodoma. Akafungua mdomo, akatoka fisi. Akasimulia habari za pipa. Akasimulia upepo. Akasimulia kurasa za arobaini hadi sitini na moja. Wachungaji walisogea kusikiliza, wakacheka, na kadiri walivyocheka ndivyo lile neno lilivyozidi kushuka chini, kama kitu kizito kwenye chupa. Erica alicheka pia, mahali pale pale alipokuwa akicheka zamani. Saa mbili zikapita. Basi likapiga honi.

"Babu, hukuwa na jambo?"

"Nilikuwa na zabibu tu, binti. Kula, nimeziosha." Na neno hilo lilipomtoka alitamani kulirudisha.

Erica alimrudishia kikapu chake, na kwa kuwa naye amelelewa, hakukirudisha kitupu. Alikijaza karanga.

Stendi ya Dodoma Mzee Zablon alikaa kwenye benchi kuzihamishia karanga kwenye mfuko. Chini kabisa kulikuwa na karatasi imekunjwa. Ilikuwa nakala ya mchoro wa chupa namba nne, kichuguu chenyewe, na pembeni yake mwandiko wa Erica tunaoufahamu wote. Tunausoma kama ulivyo:

"Babu, shahidi alikuwa kioo kipya. Nililiona hilo siku ya pili baada ya barua ya uhamisho. Ukipiga dawa uoge, na hilo shati ulichome. Usimwambie mtu. Mimi nina cheti, nitaishi popote. Wewe wakikutoa hapo sinkini, utakwenda wapi?"

Mgeni rasmi, yule binti alikuwa anajua muda wote. Alikuwa anajua tulipomuaga, alipopewa kalamu, alipokuwa anapokea hotuba ya yule aliyemponza. Alikuwa anajua alipocheka joshoni. Alikuwa na jibu la kumsafisha, lipo kwenye faili, mstari mmoja tu, na akaliacha likae chini ya karanga.

Mzee Zablon alituletea karatasi hiyo Jumatatu, saa moja na nusu. Hakuketi. Alisema, "Kikao cha nane nakifungua mimi, na nakifunga mimi. Andikeni risala." Tukamwambia, mzee, ukaseme mwenyewe mbele ya mgeni. Akasema, "Mimi nikipewa kipaza sauti atatoka fisi. Andikeni nyie, mseme Zablon alifanya hivi, Zablon alifanya vile, kama mnamsema mtu mwingine. Mimi nitakaa nyuma nisikie kama namfahamu."

MAOMBI

Ombi letu la kwanza, la pili na la tatu ni hilihili: tunaomba sampuli irudiwe.

Mwaka jana Bodi ililetewa sampuli. Ilikuwa na kichuguu kirefu, na juu ya kichuguu kulikuwa na jina la Erica. Bodi ikasoma, ikaandika. Haikuuliza kioo kilifutwa kwa kitu gani. Hatulaumu. Mwenye kuuliza alipaswa ajibiwe, na sisi wenye kitambaa tulikuwa kimya. Lakini kwenye kazi hii tumefundishwa kwamba kukuta kosa pasipo kosa ni kuanguka vibaya zaidi ya kulikosa lililopo. Tunaomba irudiwe kwa kioo safi. Tuna hakika mstari utalala.

Ushahidi tumeuambatisha. Kiambatisho cha kwanza ni karatasi ya Erica. Cha pili ni michoro ya Jamaldini, ukiwemo wa kitasa. Cha tatu ni shati. Lipo kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na tunakuomba sana usilifungue, maana utakuwa na kichuguu mpaka unastaafu.

Kuhusu Mzee Zablon, ameomba aadhibiwe. Tumelichunguza suala hilo na ni gumu. Kufukuzwa hawezi, ameshastaafu. Kushushwa cheo hawezi, hana. Kumkataza kusimulia kulijaribiwa wiki tatu kama tulivyoeleza, na jengo zima likatisha. Kwa hiyo amejihukumu mwenyewe. Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi huu na ameandika kwamba usihuishwe. Ufunguo wa chumba cha sinki alimkabidhi mwenzetu Hana jana jioni, pamoja na ule wa kabati la karatasi. Erica aliuliza atakwenda wapi. Anajibu kupitia risala hii kuwa atakwenda Mvumi kwenye zabibu zake, ambazo msimu huu hakuzipiga dawa hata tone. Wadudu wamezila nusu. Anasema wadudu nao ni wageni.

Chupa za mtihani wa mwaka huu zinakuja mwezi ujao. Kati ya hizo moja itakuwa haina kitu. Tunahitaji mtu anayeweza kuisimamia chupa tupu na kuiandika kuwa ni tupu, hata sisi tukimcheka. Tulikuwa naye.

HITIMISHO

Ni desturi risala kumalizika kwa zawadi. Wenzetu hutoa kitenge, hutoa mbuzi. Tulimfikiria yule mbuzi wa jirani, lakini tumeona ametusaidia vya kutosha.

Zawadi yetu ni chupa hii. Tafadhali ipokee. Mzee Zablon ameiosha mara saba asubuhi ya leo, na hakuifuta kwa kitu chochote. Ameiacha ikauke yenyewe huku amesimama mbele yake mikono nyuma. Jamaldini ameipima. Mchoro tumeufunga shingoni mwake, na mstari wake umelala tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndani hamna kitu. Ni mara ya kwanza sisi kumpa mgeni chombo kitupu, na ni mara ya kwanza tunajivunia kusema hamna.

Nenda nayo ofisini. Siku ukiamua kutuletea majibu, turudishie chupa yetu, usiitume kwa tarishi. Wewe ni mtu wa uwanda huu na umelelewa. Unajua chombo hakirudi kitupu. Tunaomba aibebe Erica mkononi, akishuka nayo kwenye gari la Chemba.

Mungu akulinde njiani, akupe macho ya kuona kilichopo na moyo wa kukubali kisichopo. Abariki mikono inayoosha, na aisamehe iliyosahau kuoga. Na mvua zikija Dodoma, zije na maji tu.

Ni sisi watu tisa, wanane kuanzia mwezi ujao:

Umoja wa Waosha Vioo na Watayarisha Sampuli,
Maabara ya Uwanda, Dodoma.

Imesomwa na Hana, mwenye ufunguo.